Saikolojia ya mazoezi na ustawi wa wanamichezo wa vyuo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sekondari, wachezaji wa timu za vyuo, makocha na wazazi wa Malindi, Watamu, Gede na Mambrui. Anayejibu ni mwenyeji wa Malindi anayefundisha fani hii chuo kikuu. Soma swali linalokuhusu. Jibu likitegemea jingine, nimekuelekeza.

## Mambo ya msingi

Saikolojia ya mazoezi ni nini hasa?

Ni elimu inayochunguza jinsi fikra na hisia zinavyomtoa mtu kitandani kwenda mazoezini au zinavyombakiza, na jinsi mazoezi yenyewe yanavyorudi kuzigusa fikra na hisia hizo. Mama wa mtaa wa Muyeye, hapa Malindi, ameambiwa na daktari atembee kila siku kwa sababu ya kisukari. Anatembea wiki mbili, kisha anaacha. Kwa nini ameacha, na nini kingemrudisha? Hilo ni swali la fani hii.

Saikolojia ya michezo ni ndugu yake wa karibu. Yenyewe humtazama anayeshindana: hofu ya kupiga penalti, umakini, maelewano ya timu. Mwanamichezo wa chuo anazihitaji zote mbili. Leo anashindana, na muda si mrefu atamaliza masomo awe mtu kama sisi wengine, mwenye mwili ambao bado unataka mazoezi.

Je, ni elimu mpya?

Hapana. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alichapisha uchunguzi wake kuhusu waendesha baiskeli, baada ya kuona kwamba hukimbia kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko kila mmoja akiwa peke yake. Aliwapa watoto kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia samaki wakizungushe, mara wakiwa peke yao, mara wakishindana, naye akipima muda. Coleman Griffith akafungua maabara yake Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1925. Shirika la kimataifa la saikolojia ya michezo, ISSP, lilianzishwa Roma mwaka 1965. Upande wa mazoezi ulichelewa kupata nafasi yake: jarida kubwa la fani lililoanza mwaka 1979 kwa jina la michezo peke yake liliongeza mazoezi kwenye jina hilo mwaka 1988.

Ni kweli mazoezi hutibu unyogovu?

Husaidia, na ushahidi upo. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa matokeo ya watu 156 wenye miaka 50 na zaidi waliokuwa na unyogovu. Wengine walipewa mazoezi, wengine dawa ya sertraline, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa waliokuwa kwenye dawa walianza kuiona mapema zaidi.

Hata hivyo, usimwambie aliyelemewa "nenda ukakimbie" ukadhani umemaliza. Unyogovu huanza kwa kuua hamu, na hamu ndiyo inayomtoa mtu nje. Panteleimon Ekkekakis amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojisikia wakiwa katikati ya zoezi. Mtu akizidisha kasi hadi pumzi zinambana asiweze kuongea, raha humtoka, na kumbukumbu ya mateso hayo ndiyo humzuia kurudi kesho. Kutembea ufuoni maji yakiwa yamekupwa, kabla jua halijakaza, mkizungumza na mwenzako, kwaweza kumweka mtu kwenye mazoezi kwa muda mrefu kuliko mbio za kujikomoa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na unasisitiza kwamba hata kidogo ni bora kuliko kukaa bure.

Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ameanza kukimbia. Hilo ni la kuzungumza na daktari wake.

Wanamichezo si ndio wenye afya kuliko wote? Ustawi wao una shida gani?

Misuli haimkingi mtu na wasiwasi. Mwaka 2021 Naomi Osaka alijitoa katika mashindano ya tenisi ya Ufaransa, na miezi michache baadaye Simone Biles akajiondoa kwenye fainali kadhaa za Olimpiki ya Tokyo, wote wakisema wazi kwamba akili zao zilihitaji kutunzwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa tayari imetoa tamko la wataalamu kuhusu afya ya akili ya wanamichezo mwaka 2019.

Mchezaji wa chuo ana mzigo wake mwenyewe. Yuko kwenye umri ambao maradhi mengi ya akili hujitokeza kwa mara ya kwanza. Ana ratiba mbili, ya darasani na ya uwanjani, na kila moja inadai kuwa ya kwanza. Yuko mbali na kwao. Wengi wa vijana wetu wana na jingine: wadogo zao wanaosubiri yeye afanikiwe. Nimewasikiliza wengi, na anayelalamikia mechi ni nadra. Wanalalamikia karo, usingizi na simu za nyumbani.

## Njia ya masomo

Nisomee nini kuanzia sekondari?

Kwa wanaomalizia mfumo wa KCSE, kumbuka kwamba alama ya chini ya kuingia shahada ni C+, na Baiolojia ni somo la kulishika kwa mikono miwili. Hesabu usiitupe pia. Nitaeleza sababu kwenye swali la utafiti. Kwa walio kwenye mtaala mpya, Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 ina mikondo mitatu: Sanaa na Sayansi ya Michezo, Sayansi ya Jamii, na ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Usidhani ni mkondo wa michezo pekee unaokufikisha huku. Saikolojia hupokea watu kutoka kote.

Niko Malindi. Shahada ya kwanza niifanyie wapi?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuanzia kwenye mwili: Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na huko utajifunza fiziolojia, mwendo wa mwili na ukocha. Ya pili ni kuanzia kwenye akili, kwa shahada ya saikolojia au ushauri nasaha, ambazo ziko katika vyuo vingi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kama kilomita 60 tu kusini yetu, na kwa mtoto ambaye wazazi hawamudu gharama za Nairobi ni vizuri kuanza kuangalia kozi zake kwenye tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kabla ya kukata tamaa.

Ukiniuliza ningemshauri mwanangu ipi, ningesema saikolojia, huku akiendelea kucheza au kufundisha timu ya mtaani. Mambo ya mwili unaweza kuyaongeza kwenye uzamili. Kujifunza kumsikiliza mtu bila kumkatiza huchukua muda mrefu zaidi, tena ni vigumu kukuanza ukubwani.

Lazima niwe nimecheza mimi mwenyewe?

Si lazima. Husaidia kufunguliwa mlango na wachezaji, lakini kuna hatari yake: utadhani maumivu yako ya zamani ndiyo ya kila mtu.

Safari yote ni miaka mingapi?

Shahada ya kwanza minne, uzamili kwa kawaida miwili, uzamifu mitatu kwa uchache, na wengi huenda zaidi ya hapo. Katika vyuo vikuu vya Kenya, ili uitwe mhadhiri kamili unatakiwa uwe na uzamifu. Mwenye uzamili huanza kama mhadhiri msaidizi. Juu ya mhadhiri kuna mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa, na kila ngazi inadai machapisho na wanafunzi uliowasimamia hadi wakahitimu.

Chagua msimamizi kabla ya kuchagua chuo. Msimamizi asiyejibu barua yako ya kwanza hatabadilika ukishaandikishwa.

Je, naweza kusoma Marekani bila kulipa?

Kwa uzamili na uzamifu, ndiyo, kama utapata nafasi ya usaidizi wa kufundisha au wa utafiti. Chuo hukusamehe karo na kukupa posho, nawe unafanya kazi, kwa kawaida hadi saa 20 kwa wiki, ambacho ndicho kikomo cha kazi ya chuoni kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 wakati masomo yanaendelea. Huko pia kuna cheti cha mshauri wa saikolojia ya michezo, CMPC, kinachotolewa na AASP, chama cha wataalamu wa fani hiyo, kinachodai shahada ya uzamili au zaidi pamoja na saa 400 za kazi chini ya mlezi. Kwa wanaotaka kwenda kwa miguu yao, yaani kwa kukimbia au kucheza, tazama swali la ufadhili wa michezo.

Mwalimu, kazi hii italisha? (Huulizwa na wazazi.)

Mzazi wangu, nakujibu bila kuficha. Mshahara wa mhadhiri unatosha kuishi kwa heshima, lakini haufiki haraka. Kabla yake kuna miaka ya vibarua vya kufundisha kwa saa, malipo yakichelewa. Hata aliyeajiriwa hana uhakika wote: mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma mwaka 2025 ulidumu zaidi ya mwezi mzima kwa sababu ya pesa walizokuwa wakidai. Nafasi zenye jina la saikolojia ya mazoezi ni chache mno. Wengi wetu tumeajiriwa katika idara za elimu ya viungo, saikolojia au afya ya jamii.

Kwa hiyo kijana asisomee kufundisha peke yake. Akipata leseni ya ushauri nasaha, anaweza kufanya kazi katika kituo cha ushauri cha chuo, hospitali, shirika la vijana au shule. Uhaba wa watu hawa huku Pwani ni mkubwa, na kila mwaka naona timu za vyuo zikisafiri na kocha, daktari wa misuli na dereva, bila mtu hata mmoja wa kumuuliza mchezaji amelalaje.

## Kazi yenyewe

Mhadhiri wa fani hii hufanya nini siku nzima?

Hufundisha, husahihisha, husimamia tasnifu, huhudhuria vikao virefu, huandika maombi ya fedha za utafiti na kukataliwa mengi. Utafiti wenyewe mara nyingi hufanyika jioni, kwa sababu jioni ndipo timu ziko uwanjani.

Utafiti unafanywaje?

Unaanza na swali dogo linalojibika. Kwa mfano: je, wachezaji wa mwaka wa kwanza wanaoamua wenyewe baadhi ya mambo ya mazoezi yao hudumu kwenye timu kuliko wanaoamrishwa kila kitu? Nyuma ya swali hilo kuna nadharia ya Edward Deci na Richard Ryan inayosema kwamba hamu ya kweli hukua pale mtu anapokuwa na uhuru wa kuamua, anapojiona anaweza, na anapohisi ana watu wake. Mwingine ataanzia kwa Albert Bandura na maandishi yake ya mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake.

Kisha kuna hojaji. Zilizo nyingi zilitungwa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na hapo ndipo kazi yetu ya Pwani ina thamani ya pekee. Hojaji hutafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mmoja, mwingine ambaye hajaiona ya asili huirudisha kwenye Kiingereza, kisha zote mbili hulinganishwa. Baada ya hapo unakaa na vijana kadhaa, mmoja baada ya mwingine, unamuuliza kila mmoja ameelewa nini kwenye kila sentensi. Kijana wa Gede anaweza kukujibu "sina huzuni" kwa moyo mweupe, kisha akakueleza kichwa kizito, usingizi uliopotea na chakula kisichopita. Hojaji isiyouliza juu ya mwili itampita hivihivi, na takwimu zako zitasema yuko salama.

Ndiyo sababu hesabu inahitajika. Takwimu hukuonyesha kama maswali yako yanashikana au kila moja linavuta kwake.

Kabla ya kumhoji mtu yeyote unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia. Majibu ya wachezaji yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Orodha ya majina haikai kwenye simu, wala haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la timu.

Nikiwa na uzamifu, naweza kuwatibu wachezaji?

Uzamifu peke yake haukupi ruhusa hiyo. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na anayetoa huduma anapaswa kusajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya sheria hiyo. Dawa huandikwa na daktari.

Hili nalisisitiza kuliko jingine lolote hapa, kwa sababu ndipo watu wazuri huumiza wengine. Mtafiti anataka jibu. Mwalimu anatoa alama. Mshauri hatakiwi kutaka chochote zaidi ya nafuu ya aliye mbele yake. Mwanafunzi wako akija analia ofisini, na kesho utasahihisha mtihani wake, wewe si mshauri wake hata kama una leseni. Msikilize, mtulize, kisha umpeleke kwa mwingine, ikibidi mwende pamoja hadi mlangoni. Na kila unapoketi na mchezaji, mwambie mapema umeketi kama nani.

Kocha anataka kujua mchezaji aliniambia nini. Nimwambie?

La, isipokuwa mchezaji mwenyewe ameridhia, tena kwa jambo mahususi. Makocha wengi hawaulizi kwa ubaya. Wanataka kupanga kikosi. Nami huwajibu: muulize yeye, na umuulize kwa namna itakayomfanya ajibu. Iwapo uhai wa mtu uko hatarini, siri hupisha uhai, na mchezaji anatakiwa kuelezwa hilo siku ya kwanza kabisa.

Chuo kikikuajiri ukae na timu, makubaliano haya yaandikwe kabla hujaanza kazi. Msimu ukishapamba moto na timu inapoteza, hakuna atakayekuwa na subira ya kukusikiliza.

## Ustawi wa mchezaji

Nitajuaje kama nimechoka tu au nimechakaa?

Uchovu wa kawaida huondoka ukilala na kula. Kuchakaa hakuondoki kwa usiku mmoja. Thomas Raedeke na Alan Smith, waliotoa hojaji yao mwaka 2001, waliitazama hali hiyo kwa dalili tatu: mwili na moyo kuishiwa nguvu, kujiona hufanikishi chochote, na mchezo wenyewe kupoteza thamani machoni pako. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuangaliwa sana. Kijana aliyekuwa akifika uwanja wa Alaskan kabla ya wote, sasa anaomba mvua inyeshe mazoezi yafutwe.

Dawa yake si kuongeza mazoezi wala hotuba ya kumtia moyo. Punguza mzigo na umrudishie maamuzi kidogo. Angalia usingizi. Chunguza pia damu na maradhi, kwani malaria na upungufu wa damu huweza kuonekana kama uvivu.

Nimeumia goti. Daktari wa misuli anasema nitapona, mbona nalia kila siku?

Kwa sababu hujapoteza goti peke yake. Umepoteza ratiba, wenzako na mahali pa kupelekea hasira zako. Mwaka 1993 Britton Brewer na wenzake walitoa kipimo cha kiasi ambacho mtu hujitambua kwa uanamichezo wake, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba anayejiona mwanamichezo na si kitu kingine huumia zaidi jeraha au kustaafu kunapomfika.

Mwombe kocha akupe kazi kwenye timu wakati huu: kuhesabu, kupiga picha za mechi, kumsaidia mgeni. Endelea kufika uwanjani. Kilio kikizidi wiki mbili, au ukipoteza usingizi na hamu ya kula, muone mshauri wa chuo bila kusubiri goti lipone.

Hedhi imesimama tangu nianze mazoezi makali. Kocha anasema ni dalili ya kuwa fiti.

Si kweli, dada yangu. Ni dalili kwamba mwili unatumia nguvu nyingi kuliko chakula unachoupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina la RED-S mwaka 2014, na ikatoa tamko jipya mwaka 2023. Hudhoofisha mifupa, hupunguza kinga ya mwili na huharibu hisia. Wanaume nao huipata. Hedhi ikikosa miezi mitatu mfululizo, nenda hospitali, na hakikisha kwanza si ujauzito. Kocha asipime wachezaji uzito mbele ya wenzao, wala asitaje miili yao.

Nifanyeje mazoezi mwezi wa Ramadhani?

Panga na kocha kabla mwezi haujaandama. Mazoezi mazito yafuate futari baada ya chakula kutulia, au yawe mepesi saa ya mwisho kabla ya adhana ya magharibi, ili maji yasikawie. Mchana wa kaskazi huku kwetu, joto na unyevu wa hewa hautaki mchezo hata kwa asiyefunga. Kinachowaangusha wengi ni usingizi: tarawehe, daku, kisha darasa la saa mbili asubuhi. Tafuta usingizi wa adhuhuri hata kama ni mfupi.

Kwa kocha asiye Mwislamu: usimuulize mchezaji kama "atavumilia". Muulize anataka ratiba gani. Wengi husema mwezi huo huwatuliza moyo, na utulivu huo nao ni sehemu ya ustawi.

Wazazi wangu hawataki nicheze kwa sababu ya mavazi.

Sheria za mchezo hazikuzuii kujistiri: FIFA iliruhusu hijabu rasmi mwaka 2014 na shirikisho la mpira wa kikapu, FIBA, mwaka 2017. Mara nyingi wazazi wanachohofia ni nani atakuwepo, mtarudi saa ngapi na mtalala wapi mkisafiri. Mpeleke kocha nyumbani akajibu maswali hayo mwenyewe.

Nimepata ufadhili wa michezo Marekani. Nijiandae vipi?

Kwanza jua ni daraja gani. Katika NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, Daraja la Kwanza na la Pili hutoa ufadhili wa michezo. La Tatu halitoi. Kanuni zinaweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki na 4 kwa siku wakati wa msimu, lakini safari na matibabu havihesabiwi, kwa hiyo utakachoishi ni zaidi ya saa hizo. Tangu Agosti 2024, vyuo vya Daraja la Kwanza haviruhusiwi kukunyang'anya ufadhili kwa sababu ya jeraha, maradhi ya akili au matokeo mabaya uwanjani. Soma barua yako ya ufadhili neno kwa neno kabla ya kutia saini. Na pesa za matangazo ya jina na sura yako, zilizoruhusiwa tangu Julai 2021, usiziguse kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwani zinaweza kuhesabiwa kuwa kazi na kuvuruga viza ya F-1.

La pili ni upweke. Mkenya anayekumbukwa sana kwenye vyuo vya huko ni Henry Rono wa Chuo Kikuu cha Washington State, aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Baadaye alisimulia mwenyewe jinsi pombe ilivyomshika. Vijana wanamjua kwa rekodi, nami huwaomba wakumbuke na hilo la pili, kwa sababu alikuwa na kila mtu wa kumpigia makofi. Fika ukiwa umeshajua jina la mshauri wa chuo, na uonane naye mwezi wa kwanza ukiwa mzima. Chuo kinatakiwa kuwa na huduma hiyo. Mwongozo wa NCAA wa afya ya akili ulitoka 2016 na kusahihishwa 2024.

Dawa za unyogovu zitaniletea kesi ya dawa za kusisimua misuli?

Zinazotumika sana, kama sertraline na fluoxetine, hazijapigwa marufuku. Baadhi ya dawa za tatizo la umakini ni marufuku wakati wa mashindano, na zinahitaji kibali maalumu cha matibabu unachoomba mapema. Uliza ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo michezoni, kabla ya kumeza, na usiache dawa kwa hofu.

## Hali ngumu

Mwenzangu wa timu amesema afadhali afe. Nifanye nini?

Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Humwonyesha kwamba kuna anayeweza kulibeba pamoja naye. Usimwache peke yake. Ondoa dawa, sumu au chochote cha kujidhuru. Mwite mtu mzima unayemwamini na mwende hospitali, iwe ni usiku. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199. Usikubali kuapishwa usimwambie mtu.

Wengine walinyamaza kwa kuogopa polisi, kwani sheria ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Mpeleke hospitali.

Nyumbani wanasema ni jini au kijicho, si ugonjwa.

Usiingie kwenye mabishano na wazee wako. Dua na kisomo vinampa mtu utulivu na watu wa kukaa naye, na hakuna daktari mwenye busara atakayekukataza. Omba kimoja tu: hospitali iende sambamba. Mgonjwa asifungwe, asipigwe, asinyimwe chakula wala dawa. Ustadhi, padri au mzee wa mtaa anayeheshimika akisema "mpelekeni na hospitali", familia husikia haraka kuliko ikisemwa na mimi.

Kocha ananipiga, au ananitaka kimapenzi ili nipangwe kikosini.

Kosa si lako. Andika tarehe, mahali na maneno, hifadhi jumbe, mwambie mtu nje ya timu: mlezi wa wanafunzi, mshauri, mzazi. Ni jambo la polisi pia. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao. Tangu hapo wanariadha wa Kenya wamesema wazi zaidi kuhusu ukatili unaowafuata mabinti hata wakiwa mabingwa. Mshauri au mhadhiri atakayekuambia "vumilia msimu uishe" amekukosea, na utafute mwingine.

Niko Lamu, sina chuo karibu wala mtaalamu. Naweza kuanza sasa?

Unaweza. Omba ruhusa kwa kocha wa timu yako ukae nayo msimu mmoja, uandike ni nani anaacha mazoezi na mwenyewe anatoa sababu gani, bila kuandika jina la mtu. Jifunze takwimu za mwanzo kwa programu za bure. Soma majarida yaliyo wazi mtandaoni. Ukishakuwa na kurasa chache zenye swali lako mwenyewe, mwandikie mhadhiri mmoja, umweleze ulichokiona na unachotaka kujua, usimwombe kazi wala ufadhili kwenye barua hiyo ya kwanza. Ukikaa wiki tatu bila jibu, mwandikie wa pili.